Hekalu Lilipohamia Jikoni

Katika nyumba ya Bibi niliruhusiwa kufanya kila kitu jikoni isipokuwa kimoja. Nilimenya vitunguu, nikakata nyanya, nikaosha kuku, nikapima mchele na maji. Sufuria ikishakuwa tayari nilisogea pembeni, naye akaja na mkongojo wake, akauegemeza ukutani, akaishika sufuria masikio yote mawili kwa mikono inayotetemeka, akaiweka mwenyewe motoni. Kuna siku ilimchukua muda mrefu. Kuna siku nilisimama nyuma yake mikono tayari nimdake. Lakini hata siku moja hakuniambia, "Binti, niwekee wewe."

Mimi ni mtu wa Tanga, Mwislamu, mtoto wa chuo cha Kurani. Kaskazini mwa London nilikuwa natunza wazee majumbani mwao, na Bibi alikuwa Myahudi mzaliwa wa Baghdad. Nilimwita Bibi tangu mwanzo, naye akaridhika, maana hata kwao wajukuu huita hivyo hivyo. Sheria yao inasema chakula kilichopikwa na asiye Myahudi mwanzo hadi mwisho hakiliwi; lazima mkono wa Myahudi uingie kwenye upishi. Wayahudi wa asili ya Ulaya wanatosheka Myahudi akiwasha moto tu. Wayahudi wa Mashariki, akina Bibi, wanamfuata Rabi Yosef Karo, ambaye kitabu chake cha sheria kilipigwa chapa Venice mwaka 1565, naye anataka sufuria yenyewe iwekwe motoni na Myahudi. Mwanzo nilisikia vibaya kidogo. Kadiri siku zilivyokwenda nikaona kwamba kwake kupika ni ibada yenye mwenyewe, na mwenyewe ni yeye. Hata mimi hakuna awezaye kunitawadhia halafu nikasema nimetawadha.

Nimekuwa nikitaka kuandika habari za nyumba ile kwa muda mrefu, kwa sababu sisi tuliopo ughaibuni tunazungumza sana juu ya kukumbuka kwetu. Tunakumbuka mihogo ya nazi, tunakumbuka adhana ya mtaani, tunatumiana video za mvua ya masika. Bibi alikuwa mgeni kuliko sisi sote, mgeni wa vizazi na vizazi, na sikumwona akitegemea kumbukumbu. Alitegemea wajibu. Asubuhi ana cha kufanya, mchana ana cha kufanya, akila ana la kusema kabla na baada. Baraka ambazo Wayahudi husoma kabla ya kutimiza amri zina maneno haya: umebarikiwa Wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako na ukatuamuru. Kisha hutajwa kitendo chenyewe: kuosha mikono, kuwasha taa ya Sabato, kubandika mezuza, kijaluba cha maandiko, mlangoni. Hakuna neno hapo linalouliza moyo unajisikiaje leo. Utakatifu unapita kwenye amri, na amri inapita mkononi.

Chanzo cha mpango huu ni msiba. Mwaka 70 majeshi ya Roma chini ya Tito yaliichoma Yerusalemu na kulibomoa Hekalu la pili. Hebu fikiria dini ambayo dhabihu zake, makuhani wake, sikukuu zake na msamaha wa dhambi zake vyote vilizunguka jengo moja, na jengo hilo limekuwa majivu. Rabi Yohanan ben Zakai alikuwa amepata ruhusa ya kuweka chuo katika mji mdogo wa Yavne. Inasimuliwa kwamba siku moja alipita kwenye magofu pamoja na mwanafunzi wake, Rabi Yoshua, naye Yoshua akalia: ole wetu, mahali palipotusafishia dhambi pamekuwa gofu. Yohanan akamjibu kwamba wanayo kafara nyingine iliyo sawa na ile, nayo ni matendo ya hisani, akamsomea maneno ya nabii Hosea kwamba Mungu anataka fadhili na si sadaka.

Kutoka hapo wahenga walifanya kazi ya kustaajabisha. Walilichukua Hekalu kipande kwa kipande wakaligawa majumbani. Sala za kila siku zilipangwa kwa saa za dhabihu. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya wahenga hao, inasema kwamba Hekalu liliposimama madhabahu ndiyo iliyomfanyia mtu upatanisho, na sasa ni meza yake. Ndiyo maana Bibi alichovya mkate kwenye chumvi kabla ya kuumega: kitabu cha Walawi kinaamuru kila sadaka itiwe chumvi. Ndiyo maana aliosha mikono kwa kikombe chenye mishikio miwili, mkono wa kulia kwanza, ingawa mikono yenyewe ilikuwa safi. Makuhani waliosha kabla ya kuhudumu, na yeye, mjane mwenye magoti mabovu, kwenye gorofa ya kupanga, alikuwa anakwenda kuhudumu.

Kuna kisa kimoja cha Talmudi ninachokipenda kuliko vyote katika habari hizi. Baada ya Hekalu kubomolewa, watu wengi waliapa hawatakula nyama wala kunywa divai. Rabi Yoshua, yule yule aliyelia magofuni, akawauliza kwa nini. Wakasema: tule nyama iliyokuwa ikitolewa madhabahuni, na madhabahu hayapo? Akawaambia, basi na mkate tuache, maana sadaka za unga zimekoma. Wakasema, tutakula matunda. Akasema, na matunda je, si malimbuko yamekoma? Wakasema, basi matunda mengine. Na maji je, yaliyomiminwa madhabahuni? Wakanyamaza. Hapo akawaeleza kwamba kutoomboleza kabisa haiwezekani, na kuomboleza kupita kiasi pia haiwezekani. Mtu apake nyumba yake chokaa, lakini aache sehemu ndogo bila kupakwa. Wahenga waliipima: dhiraa moja kwa dhiraa moja, mkabala na mlango.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara nashangazwa na ubusara wake. Huzuni ilikuwa na hatari ya kula maisha yote, ikapewa mahali pake, ukubwa wa dirisha, na ukuta uliobaki ukarudishwa kwa wenye nyumba waishi. Nafahamu watu wetu ambao ugeni umewafanya wasipake chokaa ukuta hata mmoja. Wanaishi na masanduku hayajafunguliwa, kila kitu wanakiahirisha hadi watakaporudi.

Bibi alikuwa na kiburi kizuri cha watu wa Babeli. "Tulikuwapo kabla Baghdad haijawa Baghdad," aliniambia, na ni kweli. Nebukadneza aliliteketeza Hekalu la kwanza mwaka 586 kabla ya Kristo na kuwapeleka watu Babeli, zaidi ya miaka 1,300 kabla khalifa al-Mansur hajaujenga mji wake mwaka 762. Yeremia aliwaandikia mateka wa mwanzo barua ambayo Wakristo na Wayahudi bado wanaisoma: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni na kuoza, utakieni amani mji mliopelekwa. Waliitii barua ile kiasi kwamba karne nyingi baadaye vyuo vikubwa vya Kiyahudi duniani vilikuwa huko huko, Sura na Pumbedita, huu wa pili ukiwa karibu na ilipo Fallujah leo. Talmudi inayofuatwa na Wayahudi wengi ni ile ya Babeli. Kitabu kikuu cha sheria yao, baada ya Torati, kiliandikwa uhamishoni.

Na ni mwalimu wa Pumbedita, Abaye, aliyeishi karne ya 4, ambaye Talmudi inamtaja kwa baraka iliyonigusa zaidi katika kazi yangu. Ni baraka ya kutoka chooni.

Mtu asiyetunza wazee anaweza kuliona jambo hili la kuchekesha. Anayewatunza anajua kwamba choo ndicho siku nzima inazungukia. Kumwinua, kumvua, kusubiri nje huku mlango uko wazi kidogo ili usikie asianguke, kumsafisha, kumvika. Hapo ndipo wazee wengi huona aibu ya uzee wao, na watunzaji wengi hujifunza kuangalia pembeni. Bibi alipomaliza, nilimpeleka kwenye sinki, akaosha mikono, nikampa taulo, akatoka hadi ukumbini, akasimama, na kwa sauti ya chini akasoma kwa Kiebrania maneno ambayo baadaye binti yake alinieleza maana yake: umebarikiwa Wewe uliyemuumba mwanadamu kwa hekima, ukaumba ndani yake matundu na mianya, imefunuliwa na kujulikana mbele ya kiti chako cha utukufu kwamba mmoja wao ukifunguka au mmoja ukiziba, haiwezekani kusimama mbele zako. Umebarikiwa Wewe, mponya wa kila chenye mwili, mtenda maajabu.

Figo zake zilikuwa mbovu. Hakuna neno katika baraka ile ambalo kwake lilikuwa la mapambo. Nyumba nzima ilikuwa na mezuza kwenye miimo ya milango, vile vijaluba vyenye ngozi iliyoandikwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, ila mlango wa choo haukuwa na kitu, kwa heshima ya maneno matakatifu. Sheria ileile iliyokinyima choo mezuza ikakipa baraka yake. Sisi nasi tulifundishwa chuoni dua za kuingia na kutoka msalani, mguu wa kushoto kwanza, wa kulia wakati wa kutoka. Nilikuwa nazisema kwa mazoea ya ulimi. Sasa nikimaliza kumhudumia mzee nazisema polepole.

Sitaki msomaji adhani Babeli ilikuwa pepo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wayahudi walikadiriwa kuwa karibu theluthi moja ya wakazi wa Baghdad. Walikuwa wafanyabiashara, wanamuziki, wabunge. Tarehe 1 na 2 Juni 1941, wakati wa sikukuu ya Shavuoti, majirani waliwageukia majirani, wakaua zaidi ya watu 100 na kupora nyumba. Tukio hilo wanaliita Farhud. Bibi alikuwa mtoto mdogo. Alichobaki nacho ni kumbukumbu ya kufichwa darini na ya mwanamke Mwislamu, jirani, aliyesimama mlangoni na kukataa kuondoka. Mwaka 1950 serikali ya Iraki ikapitisha sheria ya kuwaruhusu Wayahudi waondoke ilimradi waukane uraia, na mwaka uliofuata mali za waliojiandikisha zikazuiwa. Wapatao 120,000 wakasafirishwa kwa ndege, wengi wao ndani ya miezi michache. Jamii ya miaka zaidi ya 2,500 ikafungwa kwenye masanduku.

Forodhani walipekuliwa. Bangili za mama yake zilichukuliwa. Bibi alipokuwa ananisimulia habari hizi alikuwa anamimina maji kwenye glasi, kisha mafuta ya zeituni juu yake, kisha utambi wa kuelea, kwa sababu ilikuwa Ijumaa alasiri na kwao hawakuwasha mishumaa bali mafuta. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ndilo linanifanya niandike. Forodha inaweza kuchukua bangili. Hakuna ofisa anayeweza kumpekua mtu akamnyang'anya namna anavyowasha taa.

Ijumaa yake ilianza Alhamisi. Kuku alijazwa mchele wenye nyanya, iliki na mdalasini, akazungushiwa mchele mwingine, juu yake mayai mazima na maganda yake. Chakula hiki kinaitwa tbit. Kinawekwa motoni kabla jua halijazama Ijumaa na kukaa kwenye moto mdogo usiku kucha, maana Sabato ikiingia moto hauwashwi, lakini moto uliowashwa kabla unaruhusiwa kuendelea. Huko Baghdad sufuria ilifunikwa kwa mablanketi. London ilikaa kwenye sahani ya umeme. Asubuhi mayai hutoka yamekuwa ya kahawia, wakayala kwa bilingani za kukaanga na amba, ambayo mtu wa pwani yeyote angeitambua kwa harufu tu: achari ya embe. Inasimuliwa iliwafikia kupitia biashara ya Baghdad na Bombay. Mara ya kwanza kuionja nilikaa kimya kidogo.

Kabla ya machweo tulizunguka nyumba pamoja. Taa ya friji ilegezwe ili mlango ukifunguliwa isiwake. Karatasi za chooni zikatwe kabisa, maana kukata ni kazi. Swichi zifunikwe. Mishna, sehemu ya kale ya Talmudi, inaorodhesha kazi 39 zilizokatazwa siku ya Sabato: kupanda, kuoka, kushona, kuandika, kuwasha moto na nyingine, nazo wahenga walizihusisha na kazi za kujenga Hema la jangwani. Kwa hiyo kila kitu anachokiacha Myahudi siku ile kimebeba jina la kazi iliyowahi kumjengea Mungu makao. Hata kutokata karatasi ya chooni kuna nasaba. Kwa mambo ya afya hakukuwa na mjadala, kitufe cha dharura kilikaa shingoni mwake hata Sabato. Walawi inasema mtu ataishi kwa amri hizi, na wahenga wakaongeza: aishi kwazo, asife kwazo.

Lakini kazi niliyoipenda zaidi ilikuja kabla ya Pasaka. Siku za Pasaka chachu haitakiwi kuwamo nyumbani hata chembe. Ngano, shayiri na jamaa zake zikikutana na maji na kuachwa dakika 18, zimekuwa chachu. Wayahudi wengi wa asili ya Ulaya wameacha hata mchele, na jirani wa Bibi, ambaye wazazi wake walitoka Poland, asingeugusa wiki ile. Familia ya Bibi waliula, kwa sharti moja: uchambuliwe punje kwa punje mara tatu, kusiwe na punje ya ngano iliyojificha.

Basi tukakaa mezani, kitambaa cheupe mbele yetu, taa kali juu. Nimechambua mchele tangu nina miaka sita, kwenye ungo, barazani, na mama na mashangazi, tukiondoa mawe na chenga. Sikuhitaji kuelekezwa. Unachota konzi moja, unaitandaza kwa kiganja, unasukuma kwa kidole punje chache chache. Bibi aliniangalia mikono akatabasamu. Hesabu ya amri ilikuwa juu yake na binti yake, lakini macho yake yalikuwa yamechoka, akaniomba niwasaidie. Mara ya kwanza ilikuwa mazungumzo. Mara ya pili tulinyamaza. Mara ya tatu sikuwa nachambua mchele tena kama ninavyoujua. Hakukuwa na kitu cha kutafuta, tulikwisha hakikisha mara mbili, na bado kila punje ilipita chini ya jicho la mtu, ikatazamwa peke yake, ikaruhusiwa. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba chakula kinaweza kupewa uangalifu mkubwa namna ile bila njaa wala umaridadi kuhusika.

Usiku wa karamu yenyewe walimfunga mjukuu matza, mkate usiotiwa chachu, kwenye kitambaa begani. Wakamwuliza kwa Kiarabu cha Baghdad: unatoka wapi? Akajibu: Misri. Unakwenda wapi? Yerusalemu. Mtoto yule alizaliwa London na alijibu kwa uhakika kabisa.

Ndipo mkwe wa Bibi, msomi wa vitabu, akaleta hoja iliyonikaa kichwani. Kuna mafundisho ya kale yasemayo kwamba amri zinazoshikwa nje ya nchi ya Israeli ni za kujizoeza. Mungu anasema: hata nikiwahamisha, jipambeni kwa amri, ili mkirudi zisiwe ngeni kwenu. Mfano wake ni mfalme aliyemkasirikia mkewe akamrudisha kwao, akamwambia, vaa mapambo yako, ili nikikurudisha usiyaone mageni. Nahmanide, mwanachuoni wa Hispania wa karne ya 13, aliutilia mkazo msimamo huo. Mkwe akamwuliza Bibi anaonaje: je, miaka yote hii ni mazoezi?

Bibi hakupenda. Alisema mama yake hakuwa akifanya mazoezi alipowasha utambi kwenye hema la wakimbizi lililokuwa linavuja. Mkwe akamkumbusha kuwa hata Yerusalemu yenyewe Wayahudi humaliza karamu kwa kusema, mwaka ujao katika Yerusalemu iliyojengwa upya, maana yake hata wao wanajiona hawajafika. Wakabishana hadi usiku wa manane na mimi nikiosha vyombo nikisikiliza. Nilikuwa upande wa Bibi, na bado niko. Mfano wa mapambo ni mzuri, lakini mwanamke anayevaa vipuli vyake kila asubuhi kwa miaka 2,500 hafanyi majaribio. Huyo ndivyo alivyo.

Na kuna hoja ambayo Bibi hangeitoa mwenyewe kwa kuwa aliizoea mno. Torati inaagiza Pasaka ya siku saba. Israeli wanaadhimisha saba. Nje yake wanaadhimisha nane. Sababu yake sisi tunaielewa haraka kuliko Wazungu, kwa sababu ni habari ya mwezi kuandama. Zamani mwezi ulitangazwa Yerusalemu kwa ushahidi wa walioona, kisha wajumbe wakatumwa. Waliokaa mbali, Babeli kwa mfano, hawakupata habari kwa wakati, hivyo waliongeza siku kwa tahadhari. Baadaye kalenda ikawekwa kwa hesabu, shaka ikaondoka, lakini watu wa nje waliagizwa waendelee na desturi ya baba zao. Siku ya nane haina sababu nyingine duniani isipokuwa umbali. Ugeni umewazalia siku takatifu ambayo wenyeji hawana.

Dada yake Bibi anaishi Ramat Gan, huko Israeli, ambako Wayahudi wengi wa Iraki walihamia. Siku ya nane yeye alikuwa tayari anakula mkate. Bibi alikaa na matza yake, hakugusa simu, akasoma sala za sikukuu kwa ukamilifu. Nyota zilipotoka nikampa simu, akampigia dada yake, wakasalimiana kwa Kiarabu, na baada ya muda mfupi walikuwa wanabishana kama shira ya tende ya mwaka huu imekuwa nzito au nyepesi.